Mume wangu ni mtu wa daawa na kila mtu anamsifu. Mimi na watoto tunampata lini?

#1 Mama Swabra
Assalaam alaykum, na salamu kwa wakuu wote wa imani zote.

Niko Tanga. Mume wangu ni fundi umeme, na miaka mingi sasa ni mtu wa daawa, yaani kulingania watu kwenye dini. Halipwi na mtu. Alhamisi ana darsa msikitini. Ijumaa jioni wanapakia spika kwenye Noah wanakwenda Handeni, Korogwe, mara nyingine Lushoto huko juu, wanarudi Jumapili usiku. Siku zilizobaki mchana ni kazi, jioni ni vikao vya kupanga safari inayofuata.

Naomba asije mtu kuniambia ana nyumba ndogo. Hana. Na daawa siipingi, nilimkuta nayo na ndiyo iliyofanya nimkubali. Mimi mwenyewe nasomesha watoto juzuu amma barazani kwangu. Kuna vijiji alivyoingia watu walikuwa hawajui hata kuoga janaba, leo wana madrasa na mwalimu wao. Namuombea Allah amlipe.

Kilichonifanya nifungue uzi ni hiki. Shule ilitaka ripoti ya mtoto isainiwe na baba. Mwanangu yuko darasa la nne, akakaa nayo kwenye begi akimsubiri. Alhamisi akachukua ripoti na kalamu, akaenda msikitini, akapanga foleni na wanaosubiri kuuliza maswali baada ya darsa. Mbele yake kuna mzee ana suala la mirathi, nyuma yake kijana ana suala la talaka. Zamu yake ilipofika akatoa karatasi, baba yake akasaini bila kuinua uso, akaita anayefuata. Mtoto ndiye aliyenisimulia, tena kwa furaha, maana saini aliipata.

Kazi ya dini ikigongana na haki ya nyumba, nani anampisha mwenzake? Na hali hii chanzo chake nini hasa? Wakristo pia karibuni, naamini na kwenu yapo.

#2 Kijana wa Makorora
Dada, hapo kwenye foleni umenimaliza. Naweka mkeka, nasubiri wajuzi.

#3 Ustadh Ngamiani
Wa alaykum salaam dada yangu. Suala lako lina jibu tangu Madina. Mtume (s.a.w.) aliwaunganisha udugu maswahaba wake wawili, Salman na Abu Dardaa. Siku moja Salman akaenda kumtembelea ndugu yake, akamkuta mkewe Ummu Dardaa kavaa hovyo hajijali. Akamuuliza una nini? Akajibu, ndugu yako Abu Dardaa hana haja na dunia. Chakula kilipoletwa Abu Dardaa akasema nimefunga, Salman akagoma kula mpaka naye ale. Usiku Abu Dardaa anataka kuinuka kuswali, Salman anamwambia lala. Mwisho wa usiku ndipo wakaswali wote wawili. Kisha akamwambia Mola wako ana haki kwako, nafsi yako ina haki kwako, na ahli zako wana haki kwako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipofika kwa Mtume akasema Salman amesema kweli. Imo kwa Bukhari.

Tazama mwanamke yule alivyolalamika. Hakusema "mume wangu mbaya". Alisema hana haja na dunia, yaani amemlalamikia kwa kumsifu. Dada, na wewe umefanya vivyo hivyo hapo juu.

#4 Mpiganaji wa Haki
Mimi napingana na uzi tangu kichwa chake. Dini hii haikutufikia kwa watu waliokaa nyumbani kusaini ripoti. Ibrahim (a.s.) alimwacha Hajar na mtoto mchanga kwenye bonde la Makka lisilo na maji wala mtu. Hajar akamfuata akimuuliza, unatuacha hapa kwa nani? Mwisho akauliza, Mwenyezi Mungu ndiye aliyekuamrisha? Akajibu ndiyo. Akasema basi hatatupoteza. Huyo ndiye mke wa mlinganiaji. Leo mke akikosa mume wikiendi mbili anafungua uzi.

#5 Bi Mkubwa Pangani
@Mpiganaji wa Haki mwanangu, kisa umekisimulia sawa ila umekitumia pabaya. Hajar aliuliza "Mungu kakuamrisha?" na jibu lilikuwa ndiyo, kwa wahyi. Mumewe Mama Swabra akiulizwa hivyo, kaamrishwa na nani? Na grupu la WhatsApp la waandaaji. Halafu Ibrahim alipofika asipoonekana aligeuka akawaombea dua ndefu, imo ndani ya Kurani sura iliyobeba jina lake, na baadaye akarudi kuwaangalia. Hata kujenga Kaaba alijenga na huyohuyo mtoto.

Na hajafungua uzi kwa wikiendi mbili. Soma tena.

#6 Kijana wa Makorora
Bi Mkubwa kafunga goli la dakika ya kwanza. Mpiganaji, mpira kati.

#7 Mwana wa Mchungaji
Shalom wote. Nimelelewa nyumba ya mchungaji, nyanda za juu kusini. Umeuliza na kwetu, nami nakujibu: yapo, tena mengi.

Baba alikuwa na usharika mmoja na mitaa kadhaa milimani, na pikipiki moja. Kila msiba alikuwepo, kila mgonjwa alimtembelea. Hatukulala njaa na hakuwa mkali. Lakini nyumba yetu haikuwa yetu. Mtu anabisha hodi saa sita usiku, mama anaamka kuchemsha chai. Mgeni akija sisi watoto tunahama chumba, na hatukuwa tunauliza mpaka lini. Tukikosea, tunaambiwa "mtoto wa mchungaji na wewe?" kana kwamba tulitawazwa pamoja naye.

Ninachokikumbuka zaidi ni sauti. Baba alikuwa na sauti mbili. Ya kanisani ilikuwa changamfu, anauliza habari za mbuzi wa mtu kwa jina. Akifika nyumbani sauti imekwisha. Anakaa, anavua viatu, anasema "nimechoka wanangu". Nadhani kweli alikuwa amechoka.

Andiko lipo, 1 Timotheo 3:5, "mtu asiyejua kuisimamia nyumba yake mwenyewe, atalitunzaje Kanisa la Mungu?" Nimelisikia likihubiriwa mara nyingi, na siku zote likihubiriwa wanazungumzia watoto walioharibika. Sijasikia hata mara moja likihubiriwa kuhusu baba asiyekuwepo.

#8 Mama Swabra
@Mwana wa Mchungaji hiyo ya sauti mbili nimeisoma nikamsomea na dada yangu. Ubarikiwe kwa kuandika.

#9 Fundi Spika
Mnazunguka. Chanzo ni pesa. Mimi nakodisha vyombo kwa mikutano ya injili na mihadhara, nawaona wote. Wahubiri wengi hawa ni wa kujitolea. Anafanya kazi ya riziki siku tano, halafu siku mbili za mapumziko, ambazo zingekuwa za familia, ndizo anazozipeleka kwenye dini. Angekuwa analipwa angehubiri Jumanne mchana na Jumamosi akawa na wanawe. Waumini wanataka mhubiri wa bure, sasa anayelipa ni mke wake.

#10 Ustadh Ngamiani
@Fundi Spika hapo sikuungi mkono moja kwa moja. Nawajua wanaolipwa na bado hawaonekani nyumbani. Ukimlipa mtu utampangia na Jumanne na Jumamosi zote.

#11 Mkesha wa Ijumaa
Mbona mnaongea kana kwamba wanaohudumu ni wanaume tu? Mimi ni mwinjilisti na ni mke wa mtu. Naongoza maombi ya wanawake, mkesha kila Ijumaa, na nina kwaya. Mume wangu akibaki na watoto usiku mmoja, Jumamosi ndugu zake wote wanajua. Mama mkwe anapiga simu kuniuliza kama nimeolewa na kanisa. Mume wa Mama Swabra akienda Handeni siku tatu anaitwa mujahidi, mimi nikikesha usiku mmoja naitwa mwanamke asiyetulia.

Tena kabla sijatoka nimeshapika, nimeshafua sare, maji ya kuoga ya asubuhi nimeyajaza kwenye ndoo. Nionyesheni mhubiri wa kiume anayejaza ndoo kabla ya kwenda kuhubiri.

#12 Katekista Mstaafu
Mwanangu @Mkesha wa Ijumaa umesema kweli. Huku kwetu akina mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) ndio wanaobeba jumuiya ndogondogo mabegani. Mume anaruhusu, lakini anaruhusu kwa uso uliokunjamana, na mama anakwenda na ule uso kichwani.

#13 Mpiganaji wa Haki
Dada Mkesha, suala lako ni la ruhusa ya mume. Ni jambo lingine.

#14 Mkesha wa Ijumaa
Si jambo lingine. Paulo anasema mume hana amri juu ya mwili wake bali mkewe, kama vile mke hana amri juu ya wake, na wasinyimane isipokuwa wamepatana kwa muda ili wapate faragha ya kusali. 1 Wakorintho 7. *Wamepatana*. Hata maombi yenyewe yanataka makubaliano ya wawili. Wangapi hapa wamekaa na wake zao wakapatana kabla ya kuitikia ratiba?

#15 Mpenda Historia
Niongeze ya kihistoria. David Livingstone, tunayemsoma shuleni, alimtelekeza mkewe Mary mpaka akamfia Ujiji huku yeye anatafuta chanzo cha Nile. Mmisionari mkubwa, mume mbovu.

#16 Mvita
@Mpenda Historia kaka, hapo umechanganya. Ujiji ndipo Stanley alipomkuta Livingstone 1871. Mary alikuwa ashafariki kitambo, 1862, kwa homa, pale Shupanga kando ya mto Zambezi, Msumbiji. Na Livingstone alikuwepo kitandani pake. Kosa lake lingine labda: 1852 aliwapakia melini Mary na watoto kwenda Uingereza, mwenyewe akaingia bara, hawakuonana tena mpaka 1856. Mtoto wao mkubwa Robert alikuja kwenda kufa Marekani kwenye vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe.

Kama wataka mfano wa huku kwetu, njoo Mombasa. Mmisionari Krapf alifika hapa 1844 na mkewe Rosina akiwa mjamzito. Mwezi wa saba mwaka huohuo Rosina akafa kwa homa, na kitoto cha kike alichokizaa kikafa pia. Kaburi liko upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyohiyo. Alipopona akaendelea na kazi, na kamusi yake ya Kiswahili watu wanaitumia hadi leo. Kwa waliomtuma, kaburi lile aliliandika kama alama ya kuwa kazi imeanza Afrika Mashariki. Mimi huwa najiuliza, Rosina naye angeulizwa angeliandika vipi?

#17 Mpenda Historia
Nimepokea marekebisho @Mvita. Ahsante.

#18 Mzee wa Dawati
Mimi naona mnawaonea wahubiri. Mwanaume akirudi saa nne usiku kutoka baa, uzi haufunguliwi. Akirudi saa nne kutoka kikao cha kikundi cha VICOBA, kimya. Akirudi kutoka msikitini au kanisani, kosa.

#19 Bi Mkubwa Pangani
Baba, wa baa tunajua pa kumshitaki. Huyu wa msikitini ukimshitaki unaonekana wewe ndiye adui wa Mungu. Ndio maana Mama Swabra kaja hapa badala ya kwenda kwa imamu.

#20 Daktari wa Nafsi
Nina maelezo tofauti na yote. Watu hawa hawakimbilii dini, wanakimbia nyumba. Nje anapigiwa takbira. Ndani anaambiwa gesi imeisha, ada haijalipwa, bomba linavuja. Nje suala moja linakwisha kwa aya moja. Ndani suala moja lina miaka mitatu. Nani asingechagua nje?

#21 Mama Swabra
@Daktari wa Nafsi kwa wengine labda. Kwangu naomba niseme hapana. Akiwa nyumbani ni mchangamfu, anacheka, anambeba mdogo mabegani, bomba analitengeneza mwenyewe. Hakimbii. Anakwenda kwa sababu anaamini mtu wa kule Handeni akifa hajui Fatiha yeye ataulizwa. Ingekuwa anatukimbia ningejua la kumwambia. Ugumu ni kwamba anachokwenda kukifanya ni kizuri.

#22 Amiri Mstaafu
Nimesoma tangu mwanzo, sasa niseme kama mtu aliyepanga safari hizi.

Lawama kubwa iende kwa wapangaji. Kwenye kila kikundi kuna watu watatu wanaokubali kila wanapoitwa, na kiongozi mvivu anawaita haohao watatu kila safari. Mume wa dada huyu ni mmoja wao, tena ni fundi umeme, maana yake spika zikikorofisha ndiye wa kuzitengeneza. Hawatamwachia. Watamwambia "bila wewe safari haiendi", naye ataamini.

Ndugu zetu wa Tabligh, wale wanaosafiri kulingania, wana kitu cha kuigwa hapa, ukubaliane nao au usikubaliane. Wao muda una mipaka inayojulikana: siku 3 kwa mwezi, siku 40 kwa mwaka, miezi 4. Mtu anajipanga, anaacha matumizi ya nyumbani, mke anajua tarehe ya kurudi. Tena wana safari za masturati, mume na mke wanatoka pamoja, wanawake wanafikia nyumba yao yenye sitara, wanaume msikitini. Vikundi vyetu vingine havina mpaka wowote. Kila Ijumaa ni dharura.

Mimi niliweka sharti: hakuna kutoka wikiendi mbili mfululizo, na anayetoka namba ya mkewe inakuwa kwa amiri. Kijana akiniambia mke karidhia, nampigia shemeji namuuliza mwenyewe. Walinichukia mwanzoni.

#23 Kijana wa Makorora
Amiri unapigia shemeji? Mzee una moyo 😀

#24 Amiri Mstaafu
Nampigia mbele ya mumewe, spika wazi. Na kuna walioniambia "hapana, sijaridhia, mwambie arudi". Wakarudi.

#25 Ustadh Ngamiani
Hilo la mpaka lina asili. Sayyidna Umar alipita usiku Madina akamsikia mwanamke analia kwa mashairi kuwa mumewe yuko jihadi. Akamuuliza bintiye Hafsa, mwanamke anavumilia muda gani bila mumewe? Akasema miezi minne. Umar akaamuru askari wasizuiliwe zaidi ya hapo.

#26 Mwanafunzi wa Chuo
Sheikh, kuna riwaya (mapokezi ya kisa hicho) zinazotaja miezi sita pia, na wapo wanazuoni waliotumia hiyo sita.

#27 Ustadh Ngamiani
Ni kweli, riwaya zimetofautiana. Ninayoifuata mimi ni ya minne.

#28 Mpiganaji wa Haki
Basi minne au sita, mume wa Mama Swabra anatoka siku tatu. Yuko ndani ya mpaka kwa hesabu yoyote.

#29 Bi Mkubwa Pangani
Mpaka ule wa Umar ni wa askari aliye vitani Sham asiyeweza kurudi. Huyu anayeweza kurudi na hayupo utampimaje kwa kipimo cha asiyeweza?

#30 Wakili wa Kata
Naingia kidogo upande wa sheria, maana nimepata ujumbe wa faragha kutoka kwa wawili humu. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 63, mume ana wajibu wa kumtunza mke kwa malazi, mavazi na chakula. Kujitolea kwenye dini hakumwondolei. Kwa mnaoulizia talaka (si Mama Swabra), kifungu cha 107 kinataja kutelekezwa kwa makusudi kwa miaka isiyopungua 3. Mtu anayerudi kila Jumapili hajatelekeza kisheria. Na kabla ya mahakama mnapitia Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ya BAKWATA na ya makanisa yapo.

#31 Mama wa Kibaha
Wakili, na mume akiuza kiwanja akatoa pesa ujenzi wa kanisa bila kuniambia? Nilijua siku mchungaji aliposoma majina ya waliotoa. Nilipiga makofi na wenzangu kabla akili haijanirudia.

#32 Wakili wa Kata
Pole sana dada. Kifungu cha 59 kinazuia kuuza, kutoa zawadi au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenza. Lakini hiyo ni nyumba mnayoishi. Kiwanja kitupu ni hoja nyingine, inategemea mlikipata vipi na kwa jasho la nani. Na usidhani kwa kuwa hukutoa fedha huna jasho. Rufaa ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983 ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Njoo faragha na tarehe.

#33 Mzee wa Dawati
Kanisa lirudishe hiyo pesa.

#34 Katekista Mstaafu
Sadaka ikishatolewa hairudishwi kirahisi, Mzee. Ila mchungaji mwenye hekima angemuita mama kwanza.

#35 Mwana wa Mchungaji
Tumetoka nje ya mada, lakini hapa ndipo penyewe. Samweli alikuwa nabii mwaminifu, na wanawe Yoeli na Abiya wakala rushwa Beer-sheba. Eli naye na wanawe Hofni na Finehasi. Kwa nini Biblia inatuonyesha hili mara mbili mfululizo?

#36 Mpiganaji wa Haki
Na Nuhu? Mwanawe aliitwa apande safina akakataa, akazama. Mke wa Lut je? Mitume hawakuzembea majumba yao. Msije mkaona nyumba imeyumba mkasema baba kazembea. Mtoto wangu wa kwanza kaacha swala na nilikuwa naye nyumbani kila siku, namsomesha mimi mwenyewe. Sasa mniambie nilikosa nini.

#37 Bi Mkubwa Pangani
Mwanangu, pole. Hilo ungelianza nalo tungeongea vingine tangu mwanzo. Allah amrejeshe.

#38 Mkesha wa Ijumaa
Amina. @Mpiganaji wa Haki namuweka kwenye maombi, usikatae.

#39 Mpiganaji wa Haki
Sikatai dua ya mtu.

#40 Mama Swabra
Nimesoma yote, ahsanteni. Sikubaliani na mlioniambia nisubiri tu, wala mlioniambia nimuwekee masharti mbele ya wazee. Nimechukua la Amiri. Jana nimemwambia mume wangu kwamba safari ya Lushoto natoka naye, mimi na watoto. Kule wapo wanawake wanaohitaji mtu wa kuwafundisha twahara na hedhi, na wanaume hawawezi kuwafundisha. Akanyamaza muda, akasema gari halina nafasi kwa sababu ya spika. Nikamwambia basi spika zipande basi.

Hajajibu bado. Amiri, kwenye zile safari za mume na mke, watoto wadogo huwa mnawaacha kwa nani?

#41 Amiri Mstaafu
Hilo ndilo lililotushinda, dada. Masturati ya Tabligh hawachukui watoto, wanaachwa kwa bibi au shangazi. Kwetu tulijaribu kwenda nao. Mmoja akaugua njiani, akina mama wakasema bora tubaki. Kama kuna kikundi humu kimefaulu kutoka na watoto, waandike walivyofanya, hasa kulala na chakula.

#42 Fundi Spika
Sisi tuna spika ndogo za betri zinaingia miguuni, Noah inabaki na siti zote. Mwambie shemeji anitafute.

#43 Mkesha wa Ijumaa
Kwaya yetu tulienda Same na watoto tisa. Naandika yote usiku, sasa hivi naingia ibada.